Mkono Juu ya Paji la Uso

Nilivunja ungo, na chunusi zikaja hapohapo kama mgeni aliyefuatana na mabegi yake. Tangu siku ile uso wangu ukawa mali ya mtaa. Bagamoyo hii huwezi kutumwa mkaa ukarudi bila dawa ya chunusi. Nimepakwa manjano, asali, limau, hata dawa ya meno. Nikitoa shikamoo, mtu keshanishika kidevu na kunigeuza kwenye mwanga: "Marahaba mwanangu, na hivi wewe unapaka nini?" Nikisema sipaki kitu, naambiwa ndiyo maana. Nikisema napaka, naambiwa ndiyo maana vilevile. Wakishindwa kabisa wananifariji: "Ukiolewa zitaisha." Nilichoka na faraja hiyo kuliko nilivyochoka na chunusi zenyewe.

Nilipopata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni, nikaanza kujipaka kila asubuhi. Nilijifunza kwa kuharibu. Kwanza rangi ya chungwa juu ya madoa meusi, kidogo tu. Halafu faundesheni kwa sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa, na unagongagonga, husugui, maana ukisugua zinapasuka na damu inajichanganya humo. Mwisho poda. Ukimaliza, unaonekana mtu. Kisha inaadhiniwa adhuhuri, unakwenda kutia udhu, na kazi yote inateremka kwenye karo pamoja na maji. Unaswali, unaanza upya. Alasiri hivyohivyo. Kuna siku nilikaa chooni kazini na sponji mkononi, nikajiuliza nitafanya hivi mpaka lini.

Mchumba wangu alinijua kwa uso huo wa sponji. Ni fundi wa majokofu kutoka Msata. Alikuja kutengeneza jokofu letu, akarudi tena likiwa halina ubovu wowote. Tulipokutana, daima mbele ya watu, nilikuwa nimejipaka na mtandio nimeuvuta mpaka karibu na nyusi. Picha nilizomtumia, simu ilikuwa imekwishazilainisha. Paji la uso, palipo na ubaya wote, hakuwahi kuliona.

Kwa hiyo tarehe ya harusi ilipopangwa, wenzangu waliogopa mawifi na mapishi. Mimi niliogopa mkono. Kwetu, nikaha ikishafungwa msikitini, bwana harusi huletwa chumbani kumpa mkono mkewe. Huweka kiganja juu ya paji la uso wa mwanamke na kusoma dua, chumba kizima kikitazama. Binamu yangu mmoja, mdomo hana breki, alisema, "Masikini shemeji, atadhani kashika fenesi." Tulicheka wote. Baadaye nililia peke yangu, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nilikuwa na mpango wangu. Siku za kufichwa ndani sitajipaka chochote, uso upumzike, uvimbe ushuke. Na ulishuka kweli. Lakini bibi harusi lazima asingwe, na somo wangu, mama mtu mzima aliyepewa kazi ya kunifunda, hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Singo yake aliitwanga mwenyewe, karafuu, liwa na mawaridi, akaikanda kwa marashi mpaka nyumba nzima ikanukia. Alinisugua mikono, mgongo, miguu. Alipofika shingoni nikamshika mkono.

"Somo, usoni basi. Pana vidonda."

"Mwanangu, bwana akija ataangalia nini, visigino?"

Shangazi zangu wakaangua kicheko, na mimi nikafumba macho. Ningeweza kukataa zaidi, lakini kumkatalia somo mbele ya shangazi ni kumvunjia heshima mama yako. Karafuu iliingia kwenye kila tundu. Kulipokucha, paji zima lilikuwa limeumuka. Somo alilitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeona? Taka hizo zinatoka."

Mpambaji alitoka Chalinze, na alikuwa kachoka kama mimi. Aliniweka dirishani, akavuta pumzi. "Dada, rangi nitaificha," alisema. "Uvimbe sina la kuufanya." Nilijua. Vipodozi vinadanganya jicho, havidanganyi kiganja. Alinigonga kwa sponji taratibu sana, tabaka juu ya tabaka, na alipomaliza, kwenye kioo nilikuwa mzuri. Nilikaa na uzuri ule kwenye joto la chumba kilichojaa shangazi, nikihisi paji linapiga kama moyo wa pili.

Vigelegele vikaanza uani. Akaingia, kanzu nyeupe, jasho, simu zote zimeinuliwa juu. Akasukumwa mpaka mbele yangu. Kiganja chake kizito cha ufundi kikatua pale pale, na akaanza dua. Katikati akasahau. Akaanza upya, na kadiri alivyohangaika na maneno ndivyo alivyokandamiza. Nikasikia kitu kimepasuka chini ya kidole chake. Niliuma meno, lakini uso nadhani ulinisaliti, maana aliikatiza dua.

"Nakuumiza?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

Nilijiandaa kwa mengi siku ile. Nilijiandaa autoe mkono kwa kushtuka, ajifanye hakuhisi, atabasamu kwa adabu. Hilo la kuulizwa sikuliwaza. Somo alinifinya pajani niseme hapana, maana haipendezi neno la kwanza kwa mume liwe lalamiko.

"Ndiyo," nikasema. "Inauma."

Akainua kiganja. Kilikuwa na doa la kahawia kama la chai iliyomwagika, na tone la damu katikati, na simu zote ziliona. Yeye alikitazama mara moja tu. Kisha akakirudisha, si juu ya ngozi, akakiacha hewani, karibu kiasi cha kuhisi joto lake, na akaisoma dua tangu mwanzo. Safari hii hakukosea. Mkono ulichoka, lakini haukunigusa. Shangazi wakaanza kunong'ona kwamba dua ya hewani haijapata kuonekana. Mimi nilifumba macho. Mbele ya watu wote wale, uso wangu ulikuwa umepumzika.