Tata Kabemba na Ua la Jile

Tata Kabemba aliendesha lori katika mgodi wa Mashamba miaka ishirini na saba, lori lenye magurudumu marefu kuliko mlango wa nyumba yake, na hakugonga hata kuku. Ajali yake ya kwanza aliipata baada ya kustaafu, nyumbani Manika, Ijumaa saa nne asubuhi, akiendesha pasi.

Alikuwa ananyoosha nguo ya meza ya mke wake, Mama Laurentine. Nguo nyeupe, pana, ambayo mama mwenyewe aliizungushia lesi kwa mkono mwaka mzima. Jumapili bamama kumi na mmoja wa kwaya wangekuja kula kwake, na nguo hiyo ndiyo ingetandikwa. Mama alikuwa Sandoa kwa dada yake, arudi Jumamosi. Tata alitaka akirudi akute imenyooka, ashangae.

Simu ikalia. Sasa, mgodini kuna sheria: dereva haongei na simu gari likitembea. Anasimamisha kwanza, anasimamisha kabisa, ndipo anajibu. Tata Kabemba hajawahi kuivunja sheria hiyo. Basi akasimamisha pasi. Akaisimamisha kabisa, tumbo chini, katikati ya nguo, akajibu.

Alikuwa Mama Laurentine.

“Kabemba, usiguse pasi yangu, unasikia?”

“Sigusi hata kidogo, mama. Mukono yangu iko kwa simu.”

Na kweli, ilikuwa kwa simu. Walipomaliza kusalimiana, na dada kusalimiwa, na mbuzi wa dada kuulizwa habari, chumba kilikuwa na moshi. Tata aliinua pasi. Chini yake palikuwa na tundu lenye kingo za kahawia na umbo la pasi ileile, na pua yake iliyochongoka, kama vile pasi imepiga sahihi.

Alikimbia mpaka kwenye uzio wa miti unaotenganisha nyumba yake na ya Mama Ernestine, mshonaji, ambaye cherehani yake inakaa barazani kutwa.

“Mama Ernestine, mutu akiwa na tundu katika nguo, anafanya nini?”

“Tundu ya ukubwa gani?”

“Ya ukubwa wa… pasi.”

Mama Ernestine alicheka mpaka mguu ukateleza kwenye pedali.

“Unakata ua ya kitambaa, tata, unafunika tundu. Ua mukubwa. Unakunja pembeni yake ndani kidogo, unaishika na pini, kisha unashona kuzunguka, pole pole, uzi usionekane. Bitambaa biko humu mu kitunga yangu, chukua. Lakini Laurentine akiniuliza, mi niko mukristu, siwezi kusema uongo.”

“Basi acha bitambaa byako.”

“Na masini ya kushona?”

“Acha na masini!”

Alirudi ndani kutafuta kitambaa cha rangi. Mapazia yalikuwa ya mama. Vitenge vya mama. Vilemba vya mama. Katika nyumba nzima, kitu cha rangi kilicho chake peke yake kilikuwa jile yake ya kazi, kizibao cha rangi ya machungwa chenye mikanda ya kijivu inayowaka ikimulikwa na taa. Akaweka sahani juu yake, akachora, akakata ua la petali tano upande wa mbele.

Lakini mgodini kazi haianzi bila maongezi ya usalama. Tata alivaa kaske, kofia yake ngumu ya mgodini, akavaa miwani ya usalama juu ya miwani ya kusomea, akavihutubia viti sita vya meza:

“Hatari ya leo ni sindano. Kuko swali?”

Viti havikuwa na swali. Akavaa glavu nene. Sindano ikapotea ndani ya glavu, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ilipatikana kwa kilio. Akavua glavu, akajipa onyo la mdomo, akaendelea.

Mgodini honi moja ni kuwasha, mbili kwenda mbele, tatu kurudi nyuma. Basi kila sindano ilipoingia alipiga kwa mdomo: pii-pii! Ilipogeuka: pii-pii-pii!

“Tata Kabemba!” Mama Ernestine aliita kutoka kwake. “Uko unashona ao uko unapakia mawe?”

“Mama, tafazali, kaa mbali! Niko narudi nyuma!”

Alimaliza Jumamosi saa nane. Saa tisa Mama Laurentine aliingia na mizigo yake, akasimama mbele ya meza.

“Kabemba. Hii ni ua?”

“Ni ua, mama.”

“Ya miye?”

Tata akanyoosha pembe ya nguo. Mama alitoa simu, akapiga picha na mwanga wake. Mkanda wa jile ukawaka: kwenye picha kulikuwa na nyota nyeupe, na kila kitu kingine giza.

“Ee Mungu, iko inawaka! Miaka makumi tatu na ine, haujanipatia ua hata moja.”

Hapo tata alishindwa.

“Mama, chini ya ua kuko tundu.”

“Ya nini?”

“Ya pasi.”

Mama Laurentine aliketi, akafungua kilemba polepole.

“Najua. Jana nilipigia Ernestine kumusalimia tu, akaniambia yote. Nilitaka nione utabeba muzigo hiyo mpaka wapi. Nilizani mpaka kesho. Haukumaliza hata dakika mbili!”

Alicheka, kisha akatoa hukumu. Ua moja peke yake linaonekana kama kiraka. Yanatakiwa mengine manne, moja kila pembe, kabla ya bamama kufika. Jile ilikuwa imebaki mgongo tu, na mgongoni jina lake limeandikwa kwa rangi nyeusi, herufi kubwa. Tata alitaka kulikwepa.

“Kata na jina,” mama alisema. “Bamama bajue nani aliunguza.”

Jumapili bamama kumi na mmoja waliizunguka meza wakisoma pembe kwa pembe, kwa sauti ya kwaya: “KA! BE! MB! A!” Walicheka mpaka wengine wakashika viti. Walipoketi, mmoja wao, Mama Numbi, akachukua sufuria ya bukari, ugali wa moto, akaitua katikati, juu ya ua la kwanza.

Tata Kabemba alikuwa anapitisha maji ya kunawa. Akaweka ndoo chini.

“Pardon, mama, sogeza kidogo. Ile ya katikati ndiyo nilishona muzuri.”