Uchochoro wa Kidogo Tu

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho. Mtaani, wakubwa kwa wadogo wanamwita Kidogo Tu, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Ni fundi mwashi. Mtu akimwita amjengee chumba cha ziada, na chumba chenyewe kikaonekana kitakula njia, fundi hupima kwa jicho, hukuna kidevu, halafu husema, "Tusogee kidogo tu. Watu watapita." Mwenye wasiwasi humpoza kwa msemo: wembamba wa reli, gari moshi lapita. Wanacheka, uzi unafungwa, matofali yanapangwa.

Tusimlaumu peke yake. Naye alifika mjini kijana, na mfuko mmoja wa nguo. Shamba la baba yao lilikuwa limegawanywa kwa kaka zake mpaka vipande havikutosha hata kumlisha kuku, na mvua nazo ziliwasusa. Mwenye nyumba mmoja mwenye huruma alisogeza ukuta wa banda lake akampa pa kulaza ubavu. Kwa hiyo fundi alijua ukuta ukisogezwa maana yake nini. Kila aliyemwendea alikuwa na mdogo wake, mpwa au binamu anayekuja kutoka shamba, na nani atamwambia ndugu yake arudi akale vumbi? Manispaa haikuwaletea viwanja wala mabomba. Iliwaletea mabango ya kukataza ujenzi, na watu wakayaanikia nguo.

Basi uchochoro, ambao zamani mkokoteni ulipita na mwenye mkokoteni akipiga miluzi, ukaanza kuliwa. Huyu kasogeza choo, yule kasogeza baraza, wa tatu kasimika ngazi. Bandu bandu huisha gogo. Mwishowe watu wawili wakikutana, mmoja alilazimika kurudi nyuma, na wanene wakawa wanataniwa wapite asubuhi kabla hawajala. Kona nyembamba kuliko zote ilikuwa nyumbani kwa fundi mwenyewe, pale alipomjengea mkewe jiko.

Kisha mkewe akaanguka.

Ilikuwa mchana, anafua. Upande wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda. Fundi alipiga ukunga, majirani wakaja, na gari la wagonjwa likafika upesi kuliko walivyotegemea, likasimama barabarani. Machela ikaingia uchochoroni, ikakwama kwenye ngazi ya Mama Pacha, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Ikarudishwa. Wakamweka mgonjwa kitini, wanaume wakambeba juu juu, lakini kwenye kona ya jiko kiti nacho kikagoma. Wakakiinamisha huku, wakakiinamisha kule, mama wa watu ananing'inia, jicho moja linamtazama mumewe. Jicho lile fundi hajalisahau. Wakamshusha, wakampitisha ubavu ubavu kama kabati.

Hospitalini daktari hakusema mengi. Wangewahi, mguu ungepona. Na ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Siku ukirudi, wasichelewe tena.

Tangu hapo fundi hakuwa na wazo jingine. Alikuwa akimtazama mkewe kitini anauona ukuta, akiuona ukuta anasikia uchungu.

Manispaa ilipomtuma mpimaji, mama mmoja mpole aliyekuja na tope hadi magotini, fundi alikuwa wa kwanza kufika mkutanoni. Mpimaji alieleza kwamba hakuna atakayehamishwa. Kila mwenye nyumba atoe hatua moja tu ya eneo lake, uchochoro upanuke, kisha mtaro, bomba na taa vipite humo humo.

"Hatua yangu ina wapangaji," alisema mzee mmoja. "Nikiitoa, wao niwaweke kichwani?"

"Leo mnaomba hatua, kesho mtaomba nyumba," Mama Pacha akadakia. "Sisi tutabanana hapa hapa!"

Watu wakapiga makofi. Fundi akasimama.

"Jamani, mke wangu mlimbeba nyinyi wenyewe. Kesho zamu ya nani?"

"Fundi," sauti ikatoka nyuma, "kwani kuta hizi kajenga nani?"

Kicheko kilichopasuka kilimkalisha chini. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa ameshagusa maji.

Hakungoja mkutano wa pili. Alichukua nyundo akavunja jiko lake.

"Sasa nitapikia wapi?" mkewe akamwuliza kutoka kitini. Maneno yalikuwa yakimtoka polepole.

"Ndani."

"Na moshi?"

"Tutakohoa."

Mkewe akacheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Mama Pacha, aliyekuwa akichungulia, aliona haya, akaihamishia ngazi yake ndani. Fundi akamlaza mkewe kitandani, akakichukua kile kiti kikiwa kitupu, akakipitisha uchochoroni mwendo wote hadi barabarani. Kikapita. Alirudi nacho kichwani akiimba, na kwa muda fulani alikuwa mtu mwenye furaha.

Mvua kubwa zikaja. Huko shamba mto ulibeba mazao na nyumba, na mdogo wake Mama Pacha akaingia mjini na mumewe na mtoto mchanga. Ndani kwa dada mtu watu walikuwa wanalala kwa zamu, kwa hiyo wageni walijibanza mlangoni chini ya turubai. Mtoto akaanza kukohoa. Asubuhi moja fundi alikuta matofali yamerundikwa pale palipokuwa na jiko lake, na Mama Pacha amesimama pembeni.

"Fundi, sina hata uso wa kukutazama," alisema. "Chumba cha kulala tu. Kidogo tu. Watu watapita."

Hakuwa anamkejeli. Aliamini, kama fundi alivyoamini miaka yote.

"Hii njia ni ya mke wangu, Mama Pacha."

"Najua, baba. Na huyu ni mdogo wangu. Nimpeleke wapi?"

Chini ya turubai mtoto alikohoa tena.

"Mjengee," mkewe akasema kutoka mlangoni. Wote wawili wakageuka. "Lakini nitoe mimi kwanza."

"Nikutoe nikupeleke wapi?"

"Kwa dada yangu, kule barabarani. Nitalala na wajukuu zake. Wewe huna nafasi pale, utabaki na nyumba."

"Mke wangu, tusifanye hivyo."

"Nitoe leo, njia ingali ipo."

Wakamtoa, fundi upande mmoja na Mama Pacha upande wa pili, analia. Kwenye kona kiti kilipita bila kugusa popote. Kule barabarani dada mtu alisukuma kitanda ukutani, kiti kikaenea kwa taabu, na fundi akaaga akiwa amesimama kizingitini, maana ndani hapakuwa na pa kukanyaga.

Alirudi peke yake. Akatoa uzi na timazi, akapiga magoti palipokuwa na jiko lake. Mgeni wa Mama Pacha, mtoto mgongoni, akamshikia ncha ya pili ya uzi.

"Shikamoo, Fundi. Samahani kwa kuuliza. Watu bado wataweza kupita?"

Fundi akakaza uzi, akaweka tofali la kwanza.