Kelestini na Maswali Arobaini

Aliyemkata mkono mfugaji wa Kisukuma pale Mchombe, mchana kweupe, ni mtoto wa kaka yangu, Kelestini Lukelo. Naliweka hilo mbele. Anayetaka kumwita mnyama aanze na mimi, Brigitha, shangazi yake niliyemlea.

Nilimchukua akiwa kidato cha pili, mwaka ambao ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa baba yake. Kaka alikwenda kuwafukuza na fimbo moja, akakuta wachungaji watatu, kila mmoja na yake. Walimpiga hadi taya likahama. Alikufa siku ya nane, hospitalini Ifakara, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfuta damu sikioni. Sisi nasi hatukukaa kimya. Vijana wetu waliwachoma mikuki ng'ombe kumi na mmoja, kisha wakaitia moto nyumba ya bibi kizee wa Kisukuma ambaye hakuwa na hata ndama. Nilimsikia akilia nikaona sawa tu. Leo sioni sawa, ila siwezi kudanganya kwamba siku ile nilihuzunika.

Kelestini hakwenda kuchoma. Alikaa ndani na kitabu, wenzake wakamwita padri. Alipokwenda chuo kikuu kusomea saikolojia nilimuuliza kama huo ni ugonjwa au dawa yake, akacheka. Bwenini alipangwa chumba kimoja na Nkwabi, Msukuma wa Malinyi. Mwezi mzima hawakusalimiana. Kisha Nkwabi akashikwa na malaria, Kelestini akambeba mgongoni hadi zahanati, na tangu hapo wakawa wanakula sahani moja.

Nkwabi ndiye aliyemweleza kuhusu mwano, ule ukelele mrefu wa Wasukuma. Sisi tuliujua kama wito wa vita, maana tulipousikia walikuja na fimbo. Nkwabi alisema ni wito wa msaada. Mtu wa kabila lolote akiwa hatarini, anayemwona anapiga mwano, na kila anayesikia lazima akimbie kwenda.

Mwaka wa tatu Kelestini alifanya utafiti. Alitunga dodoso la maswali arobaini akawagawia wanafunzi mia mbili. Nusu yalipima tabia ya mtu: ni mpole, ni mwoga, anapenda mambo mapya, anapenda kuamrisha? Nusu yalipima chuki: ungelala chumba kimoja na mtu wa kabila fulani, ungekubali amwoe dada yako? Alitaka kujua kama tabia inaweza kuonyesha mapema nani atawachukia wengine. Alikuta kwamba wapole wanaopenda mambo mapya wana chuki kidogo, na wapenda kuamrisha wanayo tele. Yeye mwenyewe alikuwa amelijaza kwanza dodoso hilo, kulijaribu, na hakutokea mwanafunzi aliyemshinda kwa kutokuwa na chuki. Mwalimu wake alimsifu sana.

"Mwanangu," nilimwambia, "karatasi haijawahi kupigwa fimbo."

"Ndiyo maana tunapima, Shangazi."

Juni alirudi kutusaidia kuvuna, ripoti yake ikiwa imebaki sura moja. Siku hiyo tulikuwa watu thelathini shambani kwangu. Jirani yangu Yosefina alikuwa amekwenda mtoni kuchota maji ya kupikia. Kwenye saa nane tukasikia mwano kutoka upande wa mto. Wanaume waliacha kuvuna wakashika mapanga na marungu. "Wameingiza ng'ombe," mmoja alisema, na hiyo ikatosha.

Kelestini alinivuta pembeni. "Shangazi, hao wanaomba msaada. Waambie wasiende na mapanga."

"Waambie wewe."

Hakuwaambia. Alinirudia mimi tena, sauti chini, kwamba huenda kuna mtu anakufa. Hapo hasira ya miaka saba ilinipanda. Nilisema wote wasikie: "Baba yako alizikwa taya likiwa upande, na wewe unawatetea?"

Wanaume waligeuka kumtazama. Uso wake ulibadilika nikiuona. Alichukua panga langu la kufyekea, akawapita wote kwa mbio.

Kijana wa Kisukuma alikuwa anakuja kwetu, amelowa hadi kifuani, mikono juu, anahema. Kelestini hakusubiri neno. Panga la kwanza lilipasua kiganja. La pili lilikata chini ya kiwiko, mkono ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Wengine wakamalizia kwa marungu, nikasikia mbavu zikivunjika. Nilikuwa hapo hapo nikipiga kelele wamwongeze. Chini ya marungu yule kijana aliendelea kusema kwamba mamba amemkamata mama mmoja wa kijiji chetu, na mchungaji mwenzake anamshikilia peke yake.

Fredy, mume wa Yosefina, ndiye aliyeacha kupiga kwanza.

Mtoni tulimkuta Msukuma wa pili ameketi topeni, ameshika kipande cha kitenge cha Yosefina. Alikuwa amemng'ang'ania hadi nguvu zikamwisha. Alituuliza mwenzake yuko wapi.

Polisi walipokuja, kijiji kizima kilijibu kwamba tulikuwa wengi na hakuna aliyeona. Nilimfungia Kelestini begi lake, nikamwambia arudi chuoni amalizie sura iliyobaki. Alipanda gari, akashuka Ifakara, akaenda kituoni kwa miguu yake. Aliwaambia kwamba yeye ndiye aliyemkata yule kijana, na kwamba wenzake hawakujua maana ya mwano, ila yeye alijua.

Waliniita siku ya pili. Kelestini alikuwa kwenye benchi, amefungwa pingu.

"Mama, shikamoo," askari alisema. "Kijana wako anasema alijua ni wito wa msaada, na kwamba alikuambia kabla wanaume hawajaondoka shambani. Ni kweli?"

Nilielewa anachotaka mwanangu. Alitaka ahukumiwe kwa kosa lake lote, siyo nusu yake. Nami nilielewa kwamba nikikubali, kifungo chake kitarefuka, na swali litakalofuata litakuwa nilimjibu nini.

"Hakuniambia kitu," nilisema. "Hakujua."

Askari aliandika. Kelestini akageukia ukutani.

Aliniambia mara mbili.