Profesa Aliyeapa Kuizuia Kozi Yangu ya Magemu

Nilikuwa katikati ya maelezo yangu mbele ya baraza la chuo, Profesa Ghazi Nuaimat akainuka, akaenda ukutani, akachomoa waya wa projekta.

Ukuta ukabaki mtupu.

"Imetosha," akasema.

 Mimi nimesimama na rimoti mkononi.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Naitwa Rudaina, daktari wa shahada, si wa sindano. Nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja hapa Amman. Mkuu wa kitivo alinipa kazi iliyokimbiwa na wenzangu wote: kubuni kozi ya uzamili ya kutengeneza programu za magemu. Vijana wetu wakali walikuwa wanaenda kusomea nje, na wengi hawarudi.

Kikwazo kilikuwa Profesa Ghazi. Mtaala wowote lazima upite kwake, na alishatangaza kwenye korido bila aibu: "Hiyo haipiti. Wallahi haipiti."

"Achana naye," mwenzangu Suhaib alinicheka tukinywa kahawa. "Yule mzee ni wa enzi za simu za kukoroga. Anadhani gemu ni bao na karata."

Nikaamini hivyo. Nikajiandaa kwa vita.

Hesabu za mwendo, michoro, sauti, akili ya maadui ndani ya gemu, kila somo nililipangia hoja yake. Lakini jeuri yangu ilikuwa kwenye mradi wa mwisho: wanafunzi wakae maabara mwezi mzima, wale humo, walale humo, mpaka gemu liishe. Kama kampuni zinavyofanya.

Na mfano wangu ulikuwa gemu la msafara wa jangwani lililotengenezwa hapa hapa mjini. Nani hakulicheza? Hata mkuu wa kitivo alikuwa nalo kwenye simu.

Picha ya gemu hilo ndiyo ilikuwa ukutani waya ulipochomolewa.

"Profesa, ulikuwa na swali?" nikauliza. 

"Daktari, hao watakaolala maabara, wakianguka utawabeba wewe?"

"Kazi ndivyo ilivyo, ustadhi. Asiyeweza presha atafute kazi nyingine."

Weee! Bora ningenyamaza.

Mzee uso ukamvimba. Akafungua mlango, akaita nje, "Lujain! Njoo, mwanangu."

Akaingia mwanamke wa umri wangu. Mguu wa kushoto anauburuta. Mkono wa kushoto umelala tumboni kama si wake.

"Huyu ndiye aliyeandika programu ya gemu lako hilo," mzee akasema. "Waliomwajiri walimkesheza mpaka damu ikavuja ndani ya ubongo. Alianguka kwenye kibodi. Sasa niambie tena habari ya presha."

 Suhaib, aliyekaa nyuma yangu, akainamisha kichwa. Nikajua kozi imekufa, na kusema kweli, wakati ule hata mimi nilitaka ife.

Lujain akavuta kiti, akakaa. Maneno yalimtoka polepole, moja moja.

"Baba amenileta niwaogopeshe. Samahani, yaba, lakini mimi nataka kozi ipite."

Profesa akageuka kama aliyepigwa kofi. "Unasemaje wewe?"

"Mimi sikufundishwa kazi hii chuoni. Waliokuwa wananifundisha ni waliokuwa wananikamua. Bosi akisema kesha, nakesha. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe." Akanigeukia. "Daktari, futa huo mwezi. Wafundishe kupima kazi kabla ya kuikubali. Wafundishe kupunguza gemu likizidi muda, si kupunguza usingizi."

"Atafundisha nani?" mkuu wa kitivo akauliza.

"Mimi. Mdomo bado unafanya kazi."

Kuna mtu alicheka, kisha akafuta macho.

Kura zikapigwa. Mikono ikapanda mmoja mmoja. Profesa Ghazi alimtazama binti yake. Halafu akainua mkono.

"Si kwa ajili yako, Daktari," akaniambia.

"Najua, ustadhi."

Leo Lujain ana darasa lililojaa, na maabara inafungwa jua likizama. Mwenye funguo ni Profesa Ghazi, kaiomba kazi hiyo mwenyewe. Ole wako akukute umejificha chini ya meza!

Ndugu zangu, anayekupinga kwa nguvu zote, kabla hujamwita mshamba, muulize kilichomuuma. Na wewe unayejisifu kazini kwamba hulali, acha. Gemu litachezwa hata ukiwa kitandani hospitali.

Hakuna atakayeuliza uko wapi.