Mlango Tuliouziba

Wenzangu wa kazini walitushauri tununue nyumba Mudaka, nje ya mji. Huko, walisema, ardhi ni tambarare, parsele, yaani viwanja, ni kubwa, na jirani wa juu hakumwagii maji machafu kichwani. Lakini mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga nyumba za watu tangu tuoane, na tulijua kwamba mtu anayetafuta chumba Bukavu anataka kuwa karibu na soko na karibu na shule. Tukanunua Kadutu, kwenye mtelemko, mahali ambapo paa la jirani wa chini liko sawa na miguu yako, na kipande cha ziwa kinaonekana katikati ya mabati.

Aliyetuuzia alikuwa maman wa makamo, mwembamba, mwenye maneno machache. Mume wake alienda Shabunda kutafuta dhahabu wakati watoto wao walikuwa bado wadogo. Mwanzoni alituma salamu kupitia watu waliokuwa wakirudi mjini, kisha salamu zikakoma. Sasa watoto walikuwa wameoa na kuolewa, na yeye alitaka kwenda kulima Kavumu, kwa dada yake. Siku ya kutukabidhi ufunguo alinionyesha picha ya ndoa yao: mwanaume mrefu, mweusi sana, mabega kama ya askari. Halafu akatupeleka kwenye mlango wa jikoni, ule unaotazama ziwa.

"Munaweza kubomoa yote," akasema. "Ile mulango tu, muiache. Baba ya batoto alikuwaka anapita apa tu. Akirudi, atakuya kupitia apa."

"Sawa, maman," mume wangu akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza mazungumzo. 

Tulitaka vyumba vitatu vya kupangisha nyuma ya nyumba. Ili tupate cha tatu ilibidi jiko la zamani liwe chumba, na mlango ule uzibwe, maana ulikuwa unafunguka kwenye kichochoro chembamba ambacho tulikizungushia mabati pande zote. Fundi aliung'oa, akajaza matofali, akapiga lipu na rangi. Hata mimi, nikiingia mle, sikuweza tena kuonyesha kwa kidole mahali ulipokuwa.

Mpangaji wa kwanza alikuwa mshonaji, mwanamke wa Mwenga, mtaratibu, mtu wa kanisa. Aliweka mashine yake kwenye ukuta ule. Baada ya muda akanijia nikiwa naanua nguo.

"Maman, kuko mutu anapiga hodi nyuma ya ukuta."

Nikamwambia ni watoto wa jirani.

"Batoto banapiga na kukimbia," akasema. "Ule anapiga, anangoya, anapiga tena. Sawa mutu mwenye anajua kama kuko batu ndani."

Nikaenda kukaa naye. Ilikuwa alasiri, mvua ilikuwa inanyesha. Akasimamisha mashine, tukasikiliza maji kwenye bati. Kisha ikaja, hodi ya vidole vilivyokunjwa, bila haraka. Kilichonishika moyo ni mlio wenyewe. Ukuta ulikuwa wa matofali, lakini hodi ilikuwa inagonga ubao. Nikaweka kiganja changu juu ya lipu. Ilikuwa baridi na haikutikisika, huku mlio ukiendelea mbele ya mkono wangu.

Nikatoka nikazunguka mpaka kwenye kichochoro. Mabati yetu yalikuwa yamefungwa vilevile, na tope la chini lilikuwa laini, limelala, halijakanyagwa hata na kuku.

Mshonaji alihama bila ugomvi. Aliyemfuata, mwanafunzi wa chuo, aliondoka bila kuaga na akamtuma rafiki kuchukua godoro. Baada ya hapo chumba kikakaa wazi, katika mtaa ambao watu wanagombania hata varanda. Walikuja kukitazama, wakasimama katikati, wakasema watarudi. Hawakurudi. Mimi nilianza kuisikia hodi nikiwa jikoni kwangu, nasafisha sambaza, wale dagaa wa ziwani, na nikajizoeza kuimba kidogo ili nisiisikie.

Mume wangu alisema ni mabomba. Nyuma ya ukuta ule hatuna bomba. Jumapili moja, baada ya misa, akachukua mkeka na gazeti, akaenda kulala mle ndani mchana, ili anionyeshe kwamba mimi na wapangaji tunatishana wenyewe. Sikuwa nimemaliza kupiga pasi hata nusu ya nguo alipotoka. Alikuwa amesahau viatu.

"Kesho nitamwita fundi," akasema. "Ule ukuta tuupasue."

Kwa siku nyingi hakutaka kusema zaidi. Siku aliponiambia, aliniambia akiangalia pembeni: hakusikia hodi. Alisikia mtu wa upande wa pili akiuliza, kwa upole kabisa, kama unavyomuuliza jirani dukani, "Bamefunga?"

Fundi akapasua ukuta, akaweka mlango mpya wa mbao za mkaratusi. Tuliondoa na bati moja la kichochoro ili pawe na njia. Hodi ikakoma siku ileile. Nilipaswa kufurahi, lakini kimya kile kilinitia wasiwasi zaidi. Nilijikuta nasimama kwenye korido nikitega sikio.

Yule mtu alikuja wakati wa kiangazi, Jumamosi asubuhi, jua limewaka. Nilikuwa nimeketi katika chumba kile kitupu nachekecha unga wa muhogo. Mlango ukafunguka bila hodi. Akaingia mwanaume mzee mzee, mfupi, wa maji ya kunde, mwenye koti lililochakaa na mfuko wa kiroba. Akafuta miguu kizingitini, akapita mbele yangu, akaenda kuketi chini kwenye pembe ambapo zamani palikuwa na mafiga. Hapakuwa na dalili yoyote ya mafiga. Tulikuwa tumepiga sementi.

"Bonjour, maman," akasema. "Naomba mayi."

Nikampa. Mkono wangu ulikuwa mweupe wa unga. Nikamuuliza, "Ninyi ni nani, papa?"

"Nimetoka Shabunda." Akanywa yote. Kisha akamtaja binti mkubwa wa yule maman, kwa jina la utotoni ambalo maman alitutajia siku ya ufunguo, akauliza, "Bado hayaisha kurudi ku masomo?"

Binti yule sasa ni mama wa watoto watatu.

Nikamwambia asubiri. Nikatoka uani, nikampigia simu yule maman kule Kavumu. Sikumwambia mengi, nilisema tu kwamba kuna mgeni amepita mlango wa jikoni. Hakuuliza swali. Alifika kwa taksi kabla ugali haujaiva, bado ana udongo wa shamba kwenye kanga yake.

Akasimama mlangoni, akamtazama. Yule mtu akainuka. Mume wangu, aliyekuwa nyuma yangu, akakohoa.

"Umechelewa," maman akasema.

"Njia ilikuwa mubaya," akajibu.

Tukala pamoja, sisi wanne. Yule mtu alikula taratibu, akitazama kuta, akamuulizia tena yule binti. Niliposhindwa kuvumilia nikamwita maman pembeni, nikamnong'oneza, "Maman, niliona picha. Huyu ni mufupi. Hata rangi si ile. Muko na hakika ni yeye?"

Akajifunga kanga vizuri kabla ya kunijibu.

"Sio yeye," akasema. "Sura si yake, mikono si yake. Naona, macho yangu ingali muzima. Lakini amepita ku mulango yake, na amemuulizia mutoto wangu. Sasa nimufukuze, aende wapi?"

Akaondoka naye jioni ileile. Nilisimama barabarani nikawaona wakiketi nyuma ya taksi, mfuko wa kiroba katikati yao, kila mmoja akitazama dirisha lake.

Mume wangu alitafuta maelezo, na alipata mazuri. Alisema yule mtu huenda alichimba shimo moja na mume wa maman huko msituni. Watu wakilala pamoja miaka na miaka wanasimuliana nyumba zao, mpaka mwenzako anaijua njia ya kwenu kuliko ya kwao. Mwenye nyumba akafa, mwenzake akarudi mahali pake. Nilikubali. Ninakubali hata leo, mara nyingi. Ila hayaelezi mlio wa ubao kwenye matofali, na mume wangu mwenyewe hapendi nimkumbushe alichokisikia Jumapili ile.

Baadaye tulienda kuwatembelea Kavumu. Walikuwa na shamba la maharagwe nyuma ya nyumba ya dada. Yule mtu alikuwa anapalilia, amenenepa kidogo, na dada alimwita shemeji bila kusita. Watoto wa maman walikuwa wamekataa kuja kumwona, isipokuwa yule binti mkubwa. Alikuja, akaketi naye nusu siku, akaondoka akilia, na hakumwambia mtu walizungumza nini.

Tulipokuwa tunaaga, yule mtu akamshika mume wangu kiwiko.

"Pale pembeni, chini ya muavoka, musijenge," akasema. "Kuko wazi chini."

Hatukuwa tumemwambia. Chumba cha nne chini ya mwavoka, ule mparachichi wa pembeni ya ua wetu, tulikuwa tumekizungumza mimi na mume wangu tu, chumbani kwetu, na matofali tulikuwa hatujayaagiza. 

Kesho yake mume wangu akachimba mwenyewe. Jembe likagonga sementi mapema sana. Tukafagia udongo, tukakuta mfuniko mkubwa wa zamani, na alipousogeza kwa nondo hewa ikatoka chini, ya baridi, yenye harufu ya mawe yaliyolowa. Ilikuwa sitiana, tangi la maji ya mvua lililochimbwa ardhini, ya zamani, labda ya Wazungu wa kwanza waliojenga pale, pana kuliko sebule yetu. Kuta zake zilikuwa zimeanza kumomonyoka. Nyumba ya juu yake ingeshuka na watu ndani.

Nikampigia maman. Nikamweleza tulichokikuta.

"Nimeishi pale tangu niolewe," akasema. "Sijaonaka sitiana. Hata baba ya batoto hakuniambiaka." Nikamsikia akigeuka kumuuliza mtu aliyekuwa karibu naye, na sauti ya chini ikijibu. "Anasema muifunike muzuri," akaniambia. "Na musiteke mayi yake."

Tuliifunika kwa zege. Juu yake nimepanda lengalenga, mboga kama mchicha, nazo zimestawi, na wapangaji wananiomba. Nawaambia wachume wanavyotaka. Mimi sijawahi kuzila.