Mikuki ya Askari wa Mama

Sijui nianzie wapi, maana hata leo jambo hili halijanikalia sawa kichwani. Wacha nianze na kabati.

Katika nyumba yetu ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, pale mtaa wa Jericho, Nairobi, kuna kabati la vioo, na ndani yake, juu ya kitambaa alichofuma Mama mwenyewe, wamesimama askari watano wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole changu cha kati. Marehemu Baba, aliyekuwa karani wa reli, aliwanunua kwenye mnada wa kanisa kabla sisi hatujazaliwa. Kila askari ameshika mkuki mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kuwagusa ilikuwa marufuku, isipokuwa ukiugua. Mtoto akishikwa na homa, Mama alifungua kabati akamtolea askari mmoja alale naye. Vidonge vilifuata baadaye.

Tulikuwa watatu: kaka yangu, mimi, na dada yetu mdogo. Kila mmoja alikuwa na askari wake. Risasi ni laini, na mkono wa mtoto mwenye homa haupimi nguvu, kwa hiyo mikuki ya hao askari watatu ilipinda, kila mmoja kwa namna yake. Dada alimshika wake kwa wiki mbili, hadi hospitalini, akiwa darasa la tatu. Askari akarudi kabatini. Dada hakurudi.

Mwaka huu kina mama wa kanisa walipangiwa kuja kusali kwa Mama. Yeye sasa haoni, presha ya macho imemaliza kazi yake. Mimi naishi mtaa wa Lucky Summer, lakini kila Jumamosi niko kwake kufua na kupanga nyumba, na jioni narudi kwangu. Jumamosi hiyo nilifungua kabati kupangusa vumbi, nikaona aibu. Wale askari watatu na mikuki yao iliyolegea walionekana kama walevi walioachishwa kazi. Mimi ni fundi wa mikoba ya ngozi pale soko la Kariokor. Wageni wataniona fundi wa namna gani? Nikawafunga wote kwenye taulo, nikaondoka nao hadi Kariokor bila kumwambia Mama. Kiherehere changu hakikuanza jana.

Nilidhani kunyoosha risasi ni kama kunyoosha waya. Mkuki wa kwanza ulikubali kidogo, halafu ukakatika palepale ulipopinda. Wa pili vilevile. Wa tatu niliupasha moto kidogo, nao ukaniachia vipande mkononi. Basi nikaamua kubadilisha yote mitano ili ilingane. Nikachukua zile sindano nene za kushonea ngozi, nikakata matundu yake, nikapiga tupa ncha zisimchome Mama, nikatoboa ngumi za askari kwa msharasi wa kutobolea ngozi, nikatia gundi. Lo! Walisimama wima kama wako kwenye gwaride. Vipande vya zamani nikavitupia ndani ya kopo la rangi ya viatu. Nilijisifu mpaka jirani yangu wa meza akaniomba ninyamaze.

Jioni hiyohiyo niliwarudisha kabatini, na kwa kuwa giza lilikuwa limeingia, nikalala hapo. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalifika asubuhi yake.

Niliamka nikamkuta Mama amekaa kitini, askari wote watano mapajani. Alikuwa akiwapapasa mmoja mmoja, anarudia, anarudia tena.

"Hawa ni wa nani?" aliniuliza.

"Ni wako, Mama. Nimewatengeneza."

"Hapana. Wangu nawajua."

Kwanza nilidhani ni umri. Halafu nikaudhika, maana vidole vyangu vilikuwa bado vinauma kwa ajili ya hao askari wake. "Mama, ni hao hao! Nimenyoosha mikuki, wageni wasitucheke."

"Nani alikutuma?" Sauti yake haikupanda. "Kila asubuhi nikisali nawashika hawa. Yule aliyepinda hapa juu namwombea kaka yako. Yule mwingine wewe. Wa dada yako simwombei kitu, namsalimia tu. Sasa wote wamenyooka. Nitajuaje nani ni nani?" Akanyoosha mkono kuelekea nilikosimama. "Wa dada yako yuko wapi?"

Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akisali, kwa kuwa asubuhi zangu niko kwangu. Nikatoka nje nikampigia kaka, anayefanya kazi Eldoret.

"Niaje, sistee."

"Mkuki wa askari wako ulipinda wapi?"

"Nini? Ya kwangu ilikuwa huku chini. Ama hiyo ilikuwa ya sistee mdogo? Aki sikumbuki. Kwani ni nini imefanyika?"

Nikamweleza. "Wewe nawe! Kitu ikiwa imekaa poa hivyo ilivyo, si uiache?"

Mama anasema mkuki wa kaka ulipinda juu, kaka anasema chini, na mimi niliyeivunja kwa mikono yangu nilikuwa sikumbuki hata mmoja. Jumatatu nilirudi Kariokor na askari mmoja, nikamwaga lile kopo juu ya meza. Vipande viwili tu ndivyo vilivyokubali kuumana, vikifanya pembe katikati, si juu wala chini. Nikang'oa sindano ya yule askari, nikagundisha mkuki huo wa zamani na kidonda chake, nikakimbia Jericho.

Mama aliupapasa mkuki kwa muda mrefu. Kisha akataja jina la dada yangu, akamweka askari kifuani. Nililia kama mtoto. Nilidhani nimesamehewa.

Siku tatu baadaye kaka akanipigia. "Nimekumbuka! Wewe ulikuwa unatafuna mkuki ya kwako. Si ulichapwa juu ya hiyo?"

Jumamosi nilimchukua yule askari nikampeleka dirishani. Karibu na ncha kulikuwa na vishimo vitatu vidogo, vya meno ya mtoto. Mkuki ulikuwa wangu. Wa dada ulibaki kwenye lile kopo, vipande ambavyo havifanani na chochote. Lakini vidole vilivyoikataa sindano ya chuma kwa mguso mmoja vilikosaje kuyatambua meno yangu? Niligeuza jambo hilo huku na huku, sikupata pa kulishika. Nikamrudishia Mama askari wake.

"Mama, huyo ni nani?"

"Ni dada yako," akasema. Kidole gumba chake kilipita juu ya alama za meno, kikarudi, kikapita tena. "Wewe uko hapa unaniongelesha. Wewe nikupapase ya nini?"