Kinyozi Aliyedhaniwa Bwana Harusi

Jumanne ya wiki iliyopita, nikitoka misa ya asubuhi, nililetewa habari kutoka Mweso kwamba mfanyabiashara aliyekuwa akituonyesha filamu katika ukumbi wa shule nyuma ya soko letu amefariki kwa ugonjwa. Hakuwa ndugu yangu. Nilimfahamu kama wengi walivyomfahamu: amesimama kando ya kitambaa cheupe, akitafsiri Kifaransa cha filamu kwa Kiswahili chetu, sauti zote akizitoa mwenyewe, za wanaume na za wanawake.

Filamu iliyomletea matata ilikuwa ya kuchekesha. Kinyozi anafika kijijini kutafuta wateja, anadhaniwa kuwa bwana harusi anayesubiriwa kutoka mjini, anavishwa suti, anaogopa kusema ukweli. Mchambuzi mmoja wa redio aliiita upuuzi mtupu. Walimu wetu wa darasa la watu wazima walikuwa wakali zaidi: katika nchi ambamo watu hukamatwa kwenye vizuizi vya barabarani kwa kufananishwa na wengine, walisema, mzaha huo ni matusi kwa wafiwa. Walimwonya kwamba akiionyesha Jumapili, ukumbi utafungwa. Aliionyesha. Nami, mjane niliyeingia darasani nikiwa tayari na wajukuu na ninayejivunia cheti changu, nilikaa safu ya pili. Walimu walisimama mlangoni.

Safu ya mbele alikaa mkimbizi wa vita kutoka Bihambwe. Sote tulijua kwamba mdogo wake alishushwa kwenye lori kizuizini, akaambiwa kuwa yeye ndiye fulani anayetafutwa, akaulizwa ni nani anayemjua, na abiria wote wakanyamaza kwa hofu. Hakurudi. Tulicheka, naye alicheka, mpaka wazee wa filamu walipomzunguka kinyozi kwa hasira. Mtafsiri akatoa sauti ya mzee: “Nani anakujua hapa?” Ndipo akatambua alichotamka. Picha ziliendelea bila sauti yake. Mwalimu mmoja alikwisha kupiga hatua kuelekea jenereta ili aizime filamu.

Mkimbizi yule alisimama. “Mimi namujua,” akakiambia kitambaa. “Iko kinyozi. Mumuache aende.”

Mtafsiri alimtazama, kisha, akimwita Papa, yaani baba, kwa heshima, akampa mzee wa filamu maneno yasiyokuwamo: “Kama Papa anamujua, basi. Utusamehe, Papa.” Lakini wazee wale wale wakaanza kumkimbiza kinyozi kati ya mbuzi na masufuria, na mtafsiri akalalamika, “Papa, hawa hawasikie hata weye.” Mkimbizi akacheka mpaka akashika benchi. Mlangoni pia walicheka.

Mchambuzi na walimu waliipima filamu ile kwa uzito wake, wakasahau kwamba michezo ya namna hiyo ina sharti moja: kabla ya mwisho, kosa litasahihishwa na mtu atakuwa hai. Barabarani hatujapewa sharti hilo. Namshukuru marehemu kwa alasiri ile, ambapo mtu mmoja alipata nafasi ya kutamka, mbele ya umati, maneno ambayo hakuna aliyeyatamka kwa ajili ya mdogo wake. Swali lile, “Nani anakujua?”, halihitaji abiria wote wajibu. Linahitaji mmoja asimame. Likiulizwa mbele yangu, nitasimama.